Shoka la Kuazima na Simu ya Jirani

Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko steji unangojea matatu ijae, soma nusu, ile nyingine utamalizia nyumbani.

Kwa wiki kadhaa sasa naulizwa swali moja na wazazi wa Kitale na wa Bungoma: "Pasta, mtoto aende na simu darasani ama asiende?" Mmoja ameuliza kwa sababu shule ya kibinafsi anakosomesha imesema kila mtoto aje na tableti yake muhula ujao. Mwingine ni kwa sababu mwalimu wa shule ya kutwa anatuma kazi ya nyumbani kwa WhatsApp, na kwake kuna kabambe moja tu, ya baba, ambaye huenda nayo kazini. Wa tatu alinipigia akilia. Kijana wake alikuwa ametumwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kupatikana na simu ndani ya mkate. Ndiyo, mkate umechimbwa katikati, simu ikalazwa humo, ukafungwa tena vizuri kama umetoka dukani.

Hawa wazazi watatu hawana shida moja, ingawa wote wanataja simu. Kwa hivyo sitawajibu kwa neno moja.

Fungua 2 Wafalme 6, mistari saba ya kwanza. Sisi wahubiri tunapenda sana ile sehemu ya chuma kuelea juu ya maji, na tunaikimbilia. Leo nenda polepole. Wale wana wa manabii ni wanafunzi. Elisha ni mwalimu wao. Shule imewabana, hawatoshi, wanataka kwenda Yordani kila mmoja akate mti wake wajenge mahali pa kukaa. Sasa angalia jambo ambalo halihubiriwi: hatusomi popote kwamba shule iligawa mashoka. Kila mmoja alitakiwa ajitafutie chombo chake. Na katika darasa lile palikuwa na kijana ambaye kwao hapakuwa na shoka. Alifanya nini? Aliazima. Na ni lake lililotoka mpini likatumbukia mtoni. Kilio chake hakikuwa cha kupoteza shoka, kilikuwa kwamba chuma kile ni cha watu. Mtoto wa mwenye mali angesema baba atanunua kingine. Huyu alijua kwamba jioni atarudi kijijini kumtazama mtu usoni.

Basi shule inaposema "kila mtoto aje na chake", mimi namtafuta yule wa shoka la kuazima. Kila darasa liko naye. Na huwa hainui mkono.

Niwaambie anavyoishi hapa kwetu. Tangu kundi la kwanza la CBC liingie Gredi ya Saba Januari 2023, watoto wa sekondari msingi wanasomea palepale katika shule za msingi, wengi wao wakiwa wa kutwa. Maana yake wanalala nyumbani, na kazi wanaifanyia nyumbani. Mwalimu anasema: tafuteni picha za aina za udongo, tazameni video ya namna ya kutengeneza mboji, pigeni picha ya kazi yenu mniletee. Mwalimu hana ubaya, ndivyo mtaala unavyomtaka. Lakini kuna mama hapa barabara ya Kiminini, muuza mboga, msichana wake ana miaka 13. Kwao hakuna simu ya kuingia intaneti. Saiba iko sokoni, inafungwa mapema, na kila ukurasa wa kuchapisha ni pesa. Msichana akaanza kwenda kwa jirani mwenye simu. Jirani anarudi kazini saa mbili usiku. Kwa hivyo kazi ya nyumbani inafanyika saa mbili usiku, katika nyumba ya mwanaume asiye baba yake, mlango ukiwa umerudishwa.

Sisemi jirani huyo ni mtu mbaya. Nasema mama alikuja kuniuliza afanye nini, na alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Akimkataza, mtoto anaenda shule bila kazi na kusimamishwa mbele ya wenzake. Akimruhusu, anakaa jikoni akihesabu dakika. Wazazi wa wasichana mnanielewa, sina haja ya kuandika zaidi. Tuliona mambo mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kuanzia katikati ya Machi, na watoto wengi wasirudi darasani mpaka Januari 2021.

Wengine mmesema, "Si huyo mama achukue simu ya mkopo alipe kidogo kidogo kila siku?" Wengi wamefanya hivyo, na sikatai, imewasaidia. Lakini mnajua siku biashara ikilala na usipolipa simu inajifunga. Inakuwa kipande cha kioo. Mtoto yuko katikati ya zoezi, skrini inamwambia lipa kwanza. Hilo si shoka lako. Hilo ni shoka la kuazima lenye akili ya kujichomoa lenyewe.

Sasa nije darasani kwenyewe. Msimamo wangu nausema wazi ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini: simu ya mtoto binafsi isiingie darasani, si katika shule ya msingi, si katika sekondari. Vifaa viingie, tena viingie vingi. Lakini viwe vya shule, vikae shuleni, vishikwe na mwalimu, vitolewe wakati wa somo linalovihitaji na virudishwe kabatini.

Fikiria maabara. Je, umewahi kusikia mwalimu wa kemia akiwaambia wanafunzi kila mtu aje na asidi yake kutoka nyumbani? Shule inanunua, mwalimu ana ufunguo, wanafunzi wanne wanashika chupa moja, somo likiisha inarudi. Hakuna anayesema shule inachukia sayansi kwa sababu asidi imefungiwa. Na hakuna mtoto anayejulikana kwa bei ya asidi ya baba yake.

Hapo kwa bei nikae kidogo. Watoto wanasoma simu vile sisi tulivyokuwa tunasoma viatu. Wanajua ni toleo gani, kamera ni ngapi, kioo kimepasuka ama ni kizima. Ukiweka simu 40 za watoto juu ya madawati, umeandika mapato ya wazazi 40 ubaoni. Tulivaliwa sare kwa sababu fulani, jameni. Sare inasema mbele ya mwalimu huyu nyote ni watoto tu. Kisha tunataka kuruhusu juu ya sare ile ile kitu kinachopaza sauti kuliko nguo.

Halafu kuna suala la akili kutulia. Mwaka wa 2023 UNESCO walitoa ripoti yao ya dunia kuhusu teknolojia na elimu, na hawa si watu wa kanisa wala si maadui wa tarakilishi. Walisema mwanafunzi akishavutwa na jambo lisilo la masomo kwenye kifaa, inaweza kumchukua hata dakika 20 akili irudi kwa kile alichokuwa anasoma. Somo la sekondari kwetu ni dakika 40. Piga hesabu mwenyewe: ujumbe mmoja wa kuchekesha, nusu ya somo la hisabati imekwenda. Wafaransa, ambao hawakosi pesa za kununulia watoto wao simu, walizikataza shuleni kwa sheria mwaka wa 2018, kwa watoto wa msingi na wa miaka ya kwanza ya sekondari. Sisi tunaotafuta karo kwa magunia ya mahindi tuna haraka gani?

Na ukiniambia mtoto anaweza kujizuia, nitakuuliza kuhusu ibada ya Jumapili iliyopita. Nikiwa madhabahuni naona nyuso, na naona zile zenye mwanga wa samawati chini ya kidevu. Biblia haiwashi uso hivyo dakika 30 mfululizo huku mtu akitabasamu. Kama mzee wa miaka 50 aliyeokoka hawezi kumaliza mahubiri bila kupitia TikTok, kijana wa sekondari atafanya nini kwenye somo la mwisho saa tisa alasiri? Na walimu wangu wapendwa, mnajua ninawaombea kila Jumatatu, lakini watoto wananiambia. Wananiambia nani huketi nyuma ya meza akisogeza kidole mpaka kengele ilie.

Sasa mtu atasema, Pasta, serikali ilishajaribu hayo ya vifaa vya shule. Ndiyo, na mimi nasema lilikuwa wazo zuri kuliko haya ya kila mtoto na chake. Mnakumbuka kampeni za 2013, ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Tulicheka, tukabishana, mwishowe mwaka wa 2016 vikaanza kuja kama tableti, kwanza kwa shule 150 za majaribio, kisha kwa maelfu ya shule za msingi nchi nzima. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: kifaa ni cha shule, masomo yamo ndani tayari bila mtoto kununua bando, mwalimu ana chake cha kuongozea, na mtoto wa mchunga ng'ombe anashika kitu kile kile anachoshika mtoto wa daktari.

Viko wapi? Hilo ndilo swali langu. Ninapoalikwa kuhubiri shuleni, huwa naomba kuviona. Nimeonyeshwa stoo yenye mlango wa chuma na kufuli mbili, na masanduku yenye vumbi. Mwalimu mkuu anaogopa wezi, kwa sababu kikiibwa ataulizwa yeye. Betri nyingine zimekufa kwa kukaa tu. Simlaumu peke yake, mlinzi mwenyewe halipwi kwa wakati. Lakini wewe mzazi unayenunua tableti ya elfu kadhaa kwa sababu shule haina, umewahi kusimama katika mkutano wa wazazi ukauliza zile za shule ziko wapi, ni ngapi zinawaka, na ni lini mara ya mwisho darasa la mtoto wako lilizishika? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Bodi ya shule ni watu mnaokutana nao kanisani na sokoni. Pengine kinachohitajika ni fundi wa siku moja na mlinzi mmoja, na wazazi 200 wakichanga kidogo kidogo wanaweza kumlipa, kuliko kila mmoja kukopa peke yake.

Nakuja kwa yule mama wa mkate.

Katika shule za bweni mimi nasimama na walimu: simu bwenini isiwepo. Baada ya migomo ya 2008 serikali ilipiga marufuku simu shuleni, na sababu zilizokuwepo wakati ule hazijaisha, zimeongezeka. Wakati ule hapakuwa na kamari ndani ya simu. Leo mvulana anaweza kucheza karo yote ya muhula usiku mmoja chini ya blanketi, bila kutoa hata sauti ya sarafu. Nimekaa na wawili wa namna hiyo mwaka huu. Mmoja alikuwa anaongoza ibada ya Christian Union.

Lakini kuna jambo linalofanyika katika baadhi ya shule ambalo sikubaliani nalo. Simu zikinyakuliwa, zinakusanywa uwanjani, wanafunzi wanapangwa mistari, simu zinapondwa kwa nyundo ama zinachomwa moto. Wanafunzi wanaangalia. Eti ni fundisho.

Soma Kutoka 22:26-27. Sheria ya Musa inamwambia mtu aliyechukua vazi la maskini kama rehani alirudishe kabla ya jua kuzama, kwa sababu ndilo analojifunikia usiku. Mungu anaingilia kati mpaka kwa blanketi la mdeni! Mwenye kudai ana haki ya kudai, lakini haki yake ina mpaka, na mpaka wenyewe ni usingizi wa maskini. Sasa ile simu iliyopondwa uwanjani ni ya nani? Mara nyingi si ya mtoto. Ni ya kaka mkubwa wa boda boda. Ni ya shangazi. Ni ya mama ambaye alikuwa na namba za wateja wake wote humo, na M-Pesa yake humo, na picha pekee ya marehemu mume wake. Shoka la kuazima tena. Mwalimu mpendwa, ichukue, ifungie, mwite mzazi, mpe adhabu mtoto inavyostahili, kisha muhula ukiisha mkabidhi mzazi mali yake na atie sahihi. Huna ruhusa ya kuchoma mali ya mama wa watu ili kumfundisha mwanawe.

Na wazazi, tusijifanye. Ile simu haikuota bwenini. Siku ya kutembelea watoto nimeona chapati zikikaguliwa kama mpakani Malaba. Aliyeweka simu kwa mkate si mtoto, mtoto alikuwa shuleni. Ni mtu aliyekuja na mkate. Wengine wenu mnasema mnataka tu kumsikia sauti. Hilo ni haki kabisa, mzazi kumsikia mtoto wake, na shule nyingi zimeshaweka simu ya wanafunzi kupiga nyumbani kwa zamu. Pale ambapo haipo, iombeni. Mtoto wa bweni asiyeweza kumwambia mama yake kwamba anapigwa usiku ni hatari kubwa kuliko simu. Nasema hili kwa walimu wakuu pia: mkifunga dirisha, fungueni mlango.

Kuna neno gumu nataka kulisema kuhusu mitihani, na najua litaniondolea marafiki.

Zamani ilikuwa mwakenya, kikaratasi kwa soksi. Mwaka wa 2015 tuliona karatasi za KCSE zikizunguka kwa WhatsApp kabla ya asubuhi ya mtihani. Zaidi ya watahiniwa 5,000 walifutiwa matokeo. Miezi michache baadaye bodi ya KNEC ikavunjwa, wakaja Matiang'i na Magoha, mitihani ikaanza kuwekwa kwenye kontena zinazolindwa na polisi, na mwaka huo wa 2016 waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,000. Siyo wote waliotangulia waliiba, tusitukane watoto wa watu. Lakini tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu akae chini.

Siku hizi ni Telegram. Kila mwaka karibu na Novemba unaona vikundi vinauza "karatasi", na wengi wa hao wauzaji ni matapeli, wanauza hewa. Wanaonunua ni nani? Mtoto wa sekondari hana pesa hiyo. Ni sisi. Kisha Jumapili hiyo hiyo tunawaleta watahiniwa mbele, wanainua kalamu juu, tunazipaka mafuta na kunena kwa lugha. Mimi naipenda ibada ile, na nitaendelea kuifanya. Naamini Mungu hutuliza moyo wa mtoto na kumkumbusha alichosoma. Yesu alisema Roho atawakumbusha wanafunzi yale aliyowafundisha, na mtu hukumbushwa kile ambacho alifundishwa kwanza. Lakini mzazi aliyelipia karatasi ya wizi usiku asimlete mwanawe kwangu asubuhi niombee kalamu. Nitamwombea mtoto. Na wewe nitakuita ofisini.

Kuna ndugu mmoja, kijana msomi wa tarakilishi, tulibishana sana juu ya haya baada ya kesha. Akaniambia, "Pasta, dunia imeenda. Kuna akili mnemba sasa, kuna ChatGPT, mtoto wa Nairobi anaitumia, wewe unataka wa Chwele abaki na chaki." Hoja yake ni nzito na sitaki kuipita kama mchungaji anayeogopa vitu vipya. Nilimkumbusha Danieli. Katika sura ya kwanza Danieli na wenzake walisomeshwa miaka mitatu maandiko na lugha ya Wakaldayo, na hawakukataa. Walijifunza elimu yote ya Babeli na wakawa bora kuliko wenyewe. Walichokataa ni meza ya mfalme. Walikubali darasa, wakakataa chakula. Kwa hivyo mimi sitaki mtoto wa Chwele abaki na chaki. Nataka ajifunze kuandika programu, ajue kutafuta habari na kujua ipi ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba ajifunze hayo darasani kwa kifaa cha shule, na mwalimu akiwa amesimama nyuma yake, wala si peke yake na kifaa ambacho kazi yake ya kwanza ni kumuuzia mtu kitu. Yule ndugu hakukubali yote. Alikubali nusu, na nusu nyingine tutaimaliza kesha lijalo.

Nirudi Yordani, kwa sababu kuna mambo mawili nimeyabakisha.

La kwanza. Wale wanafunzi walipoomba kwenda, Elisha alijibu kwa neno fupi: nendeni. Ruhusa ilikuwa imetoka. Angeweza kurudi ndani na kuketi. Ni mwanafunzi mmoja aliyemwomba mwalimu aende pamoja nao, naye akakubali. Hebu fikiria kama hangeenda. Chuma kingeanguka vile vile, na pasingekuwa na mtu wa kukitoa. Sisi wazazi wengi tumeishia kwenye "nendeni". Tumenunua, tumetoa, tumesema soma vizuri, tumerudi kwa shughuli zetu. Hatujui mtoto yuko Yordani gani saa nne usiku. Kama kuna simu katika nyumba yako ambayo mtoto anasomea, basi isomewe mezani, sebuleni, wewe ukiwa hapo unapepeta maharagwe. Huna haja ya kujua programu zote. Unahitaji kuwa karibu tu.

La pili. Kijana alipolia, Elisha alimuuliza kitu kimoja: kimeanguka wapi? Hakumuuliza kwa nini aliazima. Hakumuuliza kwa nini hakukaza mpini. Hakumwambia "nilikuonya". Aliuliza mahali, na kijana akamwonyesha. Ule muujiza wote ulikuja baada ya kijana kunyoosha kidole na kusema ni pale.

Sasa, mtoto wako akiingia mahali pabaya na simu, picha za uchi, kamari, mtu mzima anayemwandikia usiku akimwita mpenzi, je, anaweza kukuonyesha mahali? Wale vijana wawili wa kamari niliotaja, mmoja baba yake alianza na mshipi. Mpaka leo hatujui alikuwa anadaiwa na nani, amefunga mdomo kabisa, na wadai bado wako. Wa pili baba yake alikaa naye kwenye gogo nyuma ya nyumba, akamwambia nionyeshe. Kijana akafungua simu, akamwonyesha kila kitu, namba kwa namba. Baba aliona kiasi kile akanyamaza muda mrefu. Deni wanalilipa, na kijana analima shamba la kukodi kila Jumamosi kwa ajili hiyo. Adhabu ipo, tena ni ya jembe. Lakini ilikuja baada ya swali.

Nimemaliza kuhubiri, sasa matangazo, kwa sababu yule mama wa Kiminini hawezi kula mahubiri.

Wazee wa kanisa Kitale tumekubaliana. Kuanzia Jumanne ijayo chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa watoto wa Gredi ya Nne hadi ya Tisa wenye kazi ya nyumbani inayohitaji simu ama tableti. Si lazima uwe wa kanisa letu. Waje watoto wa Wakatoliki, wa Friends, wa Waislamu, wote. Mama mmoja mwalimu mstaafu na kiongozi wa vijana watakuwa hapo, wote wawili kila siku, na mlango hautafungwa. Vifaa vinne tumepata, vilivyotumika lakini vinawaka. Watoto wawili wawili kwa kila kimoja, dakika 30, halafu wengine. Saa kumi na mbili kamili wanatoka wote kwa pamoja, wa njia moja wanatembea pamoja. Simu za watoto wenyewe zinabaki nyumbani, hata ile nzuri.

Ndugu wa Bungoma, kwenu tumepata chumba lakini hakina stima. Aliye na ujuzi wa kuvuta waya na moyo wa kujitolea aniandikie kwa faragha. Mwenye simu ya zamani ambayo kioo kinasomeka, hata kama kamera imekufa, ampe mweka hazina, naye aiandike kwa daftari. Kabla hujaileta ondoa laini yako na ufute picha zako, tafadhali. Chaja za kisasa tuko nazo za kutosha. Tunazokosa ni zile za zamani, za kichwa kidogo.